Marufuku ya Pombe Iliyozaliwa Vitani: Fundisho kwa Afya ya Jamii

Tarehe 11 Novemba 1918 mizinga ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilinyamaza barani Ulaya. Siku kumi baadaye, Rais Woodrow Wilson wa Marekani alitia saini sheria iliyopiga marufuku pombe kwa sababu ya vita. Sheria hiyo ilikusudiwa kuokoa nafaka na kulinda nguvu ya askari na wafanyakazi. Ilipoanza kuzuia uuzaji wa pombe, mwishoni mwa Juni 1919, askari walikuwa wakirejea makwao. Hata hivyo sheria iliendelea, na miezi michache baadaye ikapokewa na marufuku ya kikatiba iliyodumu kwa karibu miaka kumi na minne.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha historia. Kwa mhudumu wa afya, na kwa mgonjwa anayejaribu kuacha pombe, kina uzito mkubwa zaidi. Kinaibua swali ambalo kila jamii inayokabiliana na madhara ya pombe hulazimika kulijibu: je, hofu na dharura vyaweza kufanya kazi ambayo elimu, tiba na sheria za wakati wa amani zimeshindwa kuifanya? Jibu linalotetewa katika makala haya ni kwamba vita viliipa harakati ya kupiga marufuku pombe kasi ambayo isingeipata kwa njia nyingine, lakini viliiondolea sababu yake ya msingi, yaani afya ya mtu na usalama wa nyumba yake. Sababu ya vita ilipotoweka, marufuku ilikosa mahali pa kusimama. Hatua zilizodumu ni zile za wastani, zilizoegemea ushahidi na ambazo hazina ya serikali iliweza kuishi nazo.

Harakati kabla ya vita

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Marufuku za wakati wa vita hazikuzuka ghafla mwaka 1914. Nchini Marekani, umoja wa wanawake Wakristo waliopinga ulevi uliundwa mwaka 1874. Wengi wa wanawake hao waliijua pombe kupitia ujira ulioishia baa, vipigo vya usiku na watoto waliolala njaa. Mwaka 1893 ilianzishwa jumuiya iliyoitwa Anti-Saloon League, ambayo badala ya kuhubiri tu iliwachagua na kuwaangusha wanasiasa kwa kura. Katika Urusi, Uingereza na nchi za Skandinavia pia vilikuwapo vyama vya kuacha pombe, na madaktari kadhaa walikuwa miongoni mwa viongozi wake.

Mbele ya harakati hizo palikuwa na ukuta mrefu, nao ulikuwa fedha. Serikali ya Urusi, kuanzia miaka ya 1890, ilimiliki yenyewe biashara ya vodka, na zaidi ya robo ya mapato yake ilitoka humo. Nchini Marekani, kodi ya pombe ilikuwa takriban theluthi moja ya mapato ya serikali kuu kabla ya kodi ya mapato ya watu binafsi kuanzishwa mwaka 1913. Serikali inayoendesha shule na kulipa mishahara kwa fedha za pombe haiwezi kuwa adui wa kweli wa pombe, hata pale mawaziri wake wanapohuzunishwa na wagonjwa wanaojaa hospitalini.

Juu ya ukuta huo wa fedha kulikuwa na hoja ya uhuru. Watu wengi waliona kwamba anachokunywa mtu mzima nyumbani mwake hakiihusu serikali. Hoja hiyo ina uzito wakati wa amani. Vita viliidhoofisha kwa muda, kwa sababu serikali iliyoweza kumchukua kijana kwa nguvu na kumpeleka kwenye mahandaki haikuona shida kumfungia mzazi wake baa.

Urusi: amri ya mfalme

Urusi ndiyo iliyotangulia. Katika vita vyake na Japani vya miaka ya 1904 na 1905, uandikishaji wa askari ulivurugwa mara nyingi na ulevi, na baada ya kushindwa wengi waliilaumu vodka. Kwa hiyo vita vipya vilipoanza mwaka 1914, maduka ya vodka yalifungwa wakati wa kuwakusanya askari. Kazi hiyo ilipokwenda kwa utulivu usiotarajiwa, Mfalme Nikolai wa Pili aliongeza muda wa marufuku hadi mwisho wa vita. Dola iliyokuwa muuzaji mkuu wa vodka duniani ikaifunga biashara yake yenyewe katika kipindi cha wiki chache.

Taarifa za miezi ya mwanzo zilieleza mabadiliko ya kutia moyo: mitaa iliyotulia, wafanyakazi waliofika kazini siku ya Jumatatu, vyumba vya hospitali vilivyokuwa na nafasi. Wapinga pombe wa nchi nyingine walizinukuu kwa furaha. Lakini amri haikuandamana na mpango wowote wa kuwatibu waliokuwa tayari na uraibu, wala wa kuziba pengo la fedha. Serikali iliyopigana vita vya gharama kubwa ilipoteza chanzo chake kikubwa cha mapato ikaendelea kuchapisha noti. Wakulima, ambao hawakupata bidhaa za kununua kwa fedha zilizopungua thamani, waligeuza nafaka kuwa pombe ya kienyeji iliyoitwa samogoni. Mijini watu walikunywa manukato, vanishi na spiriti ya viwandani, na baadhi yao walipofuka au kufa.

Wabolsheviki waliotwaa madaraka mwaka 1917 waliendeleza marufuku hiyo kwa miaka kadhaa. Mwaka 1925 vodka ya asilimia 40 ilirudi madukani chini ya dola, kwa sababu hazina ya nchi ilihitaji fedha. Mapinduzi yaliyobadilisha karibu kila kitu yalirejea kwenye chupa ileile ya mfalme.

Uingereza: kupunguza bila kukataza

Uingereza ilifuata njia nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 1915 David Lloyd George, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alilalamika hadharani kwamba ulevi ulikuwa ukiiumiza nchi kuliko nyambizi zote za Wajerumani. Shida yake ilikuwa makombora: viwanda vilichelewa kuyatoa, na lawama ikawaangukia wafanyakazi waliokunywa. Mfalme George wa Tano aliondoa pombe katika nyumba zake za kifalme ili kuonyesha mfano, ingawa wachache sana walimfuata.

Badala ya kupiga marufuku, serikali iliunda mwaka huohuo Bodi Kuu ya Udhibiti wa Biashara ya Pombe chini ya uenyekiti wa Lord D'Abernon. Bodi ilipunguza saa za baa, katika maeneo mengi, hadi saa mbili na nusu mchana na takriban saa tatu jioni. Ilikataza mtu kumnunulia mwenzake kinywaji, desturi iliyowafanya watu wanywe zaidi ya walivyokusudia. Bia ilifanywa kuwa nyepesi, na kodi yake, iliyopandishwa karibu mara tatu Novemba 1914, ikaendelea kupandishwa. Katika eneo la Carlisle na Gretna, karibu na kiwanda kikubwa cha baruti, serikali ilinunua viwanda vya bia na baa, ikapunguza idadi yake, ikahimiza uuzaji wa chakula, na kuwalipa mameneja mishahara ambayo haikutegemea kiasi cha pombe walichouza.

Bodi hiyo ilifanya jambo jingine linalostahili kukumbukwa na vyuo vya tiba. Iliwaalika wanasayansi wachunguze jinsi pombe inavyofanya kazi mwilini, na ripoti yao ilichapishwa mwaka 1918. Kwa hatua hiyo, uamuzi wa serikali juu ya pombe ulianza kuegemea fiziolojia zaidi ya mahubiri.

Matokeo yalikuwa makubwa. Katika England na Wales, hukumu za ulevi zilizozidi 180,000 mwaka 1914 zilishuka hadi karibu 29,000 mwaka 1918. Vifo vilivyotokana na kusinyaa kwa ini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika kipindi hichohicho. Wapo watakaosema kwamba vijana wengi walikuwa vitani, na kwamba takwimu hizo zinadanganya. Pingamizi hilo lina ukweli wa sehemu tu, maana hukumu za wanawake, ambao hawakupelekwa mahandakini, nazo zilishuka sana.

Marekani: adui apatikana

Marekani iliingia vitani Aprili 1917. Kufikia wakati huo zaidi ya majimbo ishirini yalikuwa yamekwisha kupiga marufuku pombe kwa sheria zao, na kodi ya mapato ilikuwa imeipa serikali kuu chanzo kingine cha fedha. Harakati ilikuwa na nguvu, ila kubadili Katiba kulihitaji theluthi mbili ya Bunge na robo tatu ya majimbo. Vita viliileta fursa hiyo kwa njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa nafaka. Ulaya ilikuwa na njaa, na wananchi wa Marekani walihimizwa wapunguze mkate ili washirika wao wale. Ilikuwa vigumu kumweleza mama aliyepunguza unga mezani kwake kwa nini shayiri na mahindi yaendelee kuchachushwa. Sheria ya chakula ya Agosti 1917 ilizuia matumizi ya vyakula kutengenezea pombe kali, na mwishoni mwa mwaka huo Rais alipunguza nafaka ya viwanda vya bia pamoja na kiwango cha kilevi ndani ya bia.

Ya pili ilikuwa askari. Sheria ya uandikishaji ya Mei 1917 ilikataza kumuuzia pombe mtu aliyevaa sare. Wazazi waliotoa wana wao walitaka wahakikishiwe kwamba kambini hawatafundishwa ulevi.

Ya tatu, na yenye sumu kuliko zote, ilikuwa chuki. Viwanda vingi vikubwa vya bia vilimilikiwa na familia zenye asili ya Ujerumani, kama vile Pabst, Schlitz na Busch. Chama kikuu cha Wamarekani wenye asili ya Ujerumani kilikuwa kimepokea fedha za watengenezaji wa bia ili kupinga marufuku, na mwaka 1918 Baraza la Seneti lilikichunguza. Glasi ya bia ikageuzwa kuwa ishara ya usaliti. Wayne Wheeler na wenzake wa Anti-Saloon League waliitumia hali hiyo bila haya. Msemo wa Waswahili kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru uliwaenea barabara.

Bunge lilipitisha pendekezo la kubadili Katiba Desemba 1917, na tarehe 16 Januari 1919 idadi ya majimbo iliyohitajika ilitimia. Marufuku ikaanza rasmi mwaka mmoja baadaye, Januari 1920. Ubishi kuhusu afya ya mnywaji, matibabu yake na mustakabali wa familia yake ulikuwa umefunikwa na ubishi juu ya nani ni mzalendo. Ushahidi ni kwamba mataifa hayohayo yaliyowabana raia yaliendelea kuwapa askari pombe. Waingereza waligawa ramu mahandakini. Ufaransa iliharamisha absinthe Machi 1915, huku askari wake wakipata mgao wa mvinyo. Ingekuwa afya ndiyo iliyoongoza, mwili wa askari usingalitengwa na mwili wa mfanyakazi wa kiwandani.

Kilichopatikana na kilichopotea

Haki inataka isemwe wazi kwamba marufuku ya Marekani iliokoa watu. Vifo vya wanaume kutokana na kusinyaa kwa ini, vilivyokuwa 29.5 kwa kila watu 100,000 mwaka 1911, vilikuwa 10.7 mwaka 1929. Sehemu ya upungufu huo ilitangulia marufuku ya kitaifa, kwa kuwa majimbo mengi yalikuwa yameanza mapema na vita vilikwisha kupunguza unywaji. Hata hivyo anayedai kwamba marufuku haikuwa na faida yoyote kiafya anapingana na kumbukumbu za vifo.

Hasara nayo ilikuwa ya kweli. Pombe ya viwandani ilitiwa methanoli kwa amri ya serikali ili isinyweke. Wafanyabiashara haramu waliiiba, wakajaribu kuisafisha na kuiuza. Charles Norris, daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo wa jiji la New York, alilaumu hadharani sera iliyoruhusu sumu hiyo kuwafikia watu huku serikali ikijua kwamba wataendelea kunywa. Alionyesha kwamba waliokufa zaidi walikuwa maskini, wasio na uwezo wa kununua pombe safi ya magendo. Mwaka 1930 maelfu ya watu walipooza miguu baada ya kunywa dawa ya tangawizi yenye kilevi iliyochanganywa na kemikali ya viwandani. Wengi wao hawakurudia kutembea kama zamani.

Taaluma ya tiba pia ilijaribiwa. Mwaka 1917 chama cha madaktari wa Marekani kilitoa azimio la kutounga mkono pombe kama kinywaji wala kama dawa. Marufuku ilipoanza, daktari aliruhusiwa kuandika wiski kwenye cheti maalumu, na biashara ya vyeti hivyo ikastawi. Miaka michache baadaye chama hichohicho kilidai uhuru wa daktari wa kuiandika bila kuingiliwa na Bunge. Wagonjwa waliona mabadiliko hayo, na imani yao kwa neno la daktari haikubaki salama.

Kilichoiangusha marufuku ni dharura nyingine. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulikausha kodi ya mapato na kuwaacha mamilioni bila kazi. Serikali ilikumbuka tena kodi ya bia, na Desemba 1933 Katiba ilibadilishwa kuifuta marufuku. Urusi mwaka 1925 na Marekani mwaka 1933 zilifikia hatua ileile kwa sababu ileile. Katika nchi zote mbili sera ya pombe na hazina ya serikali zilikuwa zimegombanishwa, na hazina ikashinda. Uingereza haikuingia katika ugomvi huo, kwa kuwa njia yake mojawapo ya kupunguza ulevi ilikuwa kodi yenyewe. Ndiyo sababu sheria ya mwaka 1921 iliweza kuhifadhi ufungaji wa baa wakati wa mchana, na utaratibu huo ukaishi hadi mwaka 1988. Mpango wa Carlisle uliendelea hadi mwaka 1973.

Vita vile na pombe ya Afrika

Athari za kipindi hicho hazikuishia Ulaya na Marekani. Mataifa yaliyoshinda vita, yalipogawana makoloni ya Ujerumani, yaliitaja biashara ya pombe katika kifungu cha 22 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa wakati ule, kando ya biashara ya watumwa na ya silaha, kuwa maovu ya kukomeshwa katika maeneo ya udhamini. Tanganyika iliingia chini ya Uingereza kwa masharti hayo. Septemba 1919, mkataba uliotiwa saini Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris, ulizuia uingizaji wa pombe kali za biashara na utengenezaji wa pombe za kukenekwa katika sehemu kubwa ya Afrika, huku ukiacha nafasi ya kiasi fulani kwa watu wasio wenyeji.

Nia ya kulinda afya ilikuwapo ndani ya mkataba ule, kwa sababu pombe kali ya bei rahisi ilikuwa imeharibu maisha ya watu katika pwani nyingi za Afrika. Lakini sheria iliyompima mtu kwa rangi yake haikumfundisha yeyote kuhusu ini wala uraibu. Ilimfundisha Mwafrika kwamba chupa ni alama ya hadhi aliyonyimwa, na kwamba gongo, chang'aa na waragi ni mambo ya gizani. Fikra hiyo ingali hai. Mgonjwa anayefika zahanati akiwa amekunywa gongo huficha alichokunywa kwa kuogopa polisi, na mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hapa ndipo historia inapogusa chumba cha mgonjwa. Nchini Kenya, Mei 2014, makumi ya watu walikufa baada ya kunywa pombe yenye methanoli, na matukio ya aina hiyo yamejirudia katika ukanda huu. Methanoli haina ladha ya kumtahadharisha mnywaji. Ini huigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa fahamu wa jicho na kuvuruga damu, na dalili zaweza kuchelewa kwa saa kumi na mbili au zaidi. Mtu aliyekunywa kisha akaumwa kichwa kupita kawaida, akatapika, akapumua kwa kasi au kuona ukungu machoni anapaswa kupelekwa hospitali mara moja, kwa kuwa zipo tiba za kuzuia ini lisiendelee kuizalisha sumu hiyo na za kuisafisha damu. Ni lazima aweze kusema alichokunywa bila hofu ya kushtakiwa na anayemtibu.

Fundisho kwa wakati wa amani

Wapo wanaoamini kwamba dharura ni nafasi ya kutumiwa: watu wakiwa na hofu hukubali yale ambayo wangeyakataa siku za kawaida. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, Afrika Kusini ilizuia uuzaji wa pombe ili hospitali zibaki na nafasi. Majeruhi walipungua katika vyumba vya dharura, na uuzaji uliporuhusiwa Juni waliongezeka tena, hata serikali ikarudisha zuio mwezi uliofuata. Tukio hilo lathibitisha jinsi pombe inavyojaza vitanda vya hospitali. Lathibitisha pia kwamba faida ya amri ya dharura huondoka pamoja na amri yenyewe.

Kwa hiyo dharura yaweza kutumika, ilimradi kinachoanzishwa kipewe mapema sababu ya kuendelea baada yake. Afrika Mashariki ina mifano ya hatua zilizochukuliwa wakati wa amani kwa sababu za afya. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ilihalalisha chang'aa ili iweze kukaguliwa, na papo hapo ikapunguza saa za baa. Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019, kwa kuwa vifuko hivyo vya bei ndogo viliingia hadi mifukoni mwa wanafunzi. Hatua za namna hii, pamoja na kodi ya haki na udhibiti wa matangazo, hazina mvuto wa tamko la vita. Zinahitaji wakaguzi waaminifu na takwimu zinazotolewa kila mwaka. Bila hivyo zitakuwa nguvu ya soda.

Lipo fundisho la pili, nalo linamhusu mgonjwa mwenyewe. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi naye huwa na amri zake za dharura. Mke anapotishia kuondoka, kazi inapokaribia kupotea, au daktari anaposema kwamba ini limeharibika, huapa kwamba kuanzia kesho hatagusa tone. Nia hiyo ni njema na yafaa kuheshimiwa. Hata hivyo kuacha ghafla bila uangalizi kwaweza kumuua. Ndani ya saa sita hadi ishirini na nne aweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho na kukosa usingizi. Katika siku mbili za kwanza aweza kupata degedege, na kuanzia siku ya pili au ya tatu aweza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwapo na kupanda homa. Hali hiyo hutibika hospitalini kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa taratibu, maji ya kutosha na vitamini B1. Jirani anayemfungia ndani ili “pombe imtoke” anamweka hatarini.

Baada ya siku hizo za hatari huja kazi ndefu: mahudhurio ya kliniki, familia inayoelezwa kwamba uraibu ni ugonjwa, kikundi cha wenzake walioacha, na mpango wa kurudi kwa mhudumu bila aibu iwapo atateleza. Mgonjwa aliyeacha kwa sababu ya hofu peke yake yuko katika hali ileile ya nchi zilizopiga marufuku kwa sababu ya vita. Hofu ikipungua, sababu nayo hupungua. Anayesaidiwa kupata sababu nyingine, kama vile mtoto anayetaka kumsomesha au afya anayoiona ikirudi, ana msingi wa kusimamia siku ambayo hakuna anayemtisha.

Wanawake walioanzisha harakati ile mwaka 1874 walikuwa na sababu ya kutosha: nyumba zao zilikuwa zikiumia. Vita viliikuta sababu hiyo, vikaiazima na kuiacha kando pale bendera zilipokunjwa. Nyumba zenye maumivu ya aina hiyo zingalipo leo, mijini na vijijini, na wenye maumivu hayo hufika zahanati kila wiki. Mhudumu anayemwuliza kila mgonjwa, kwa upole na bila kumhukumu, anakunywa nini, kiasi gani na tangu lini, anaifanya kazi ambayo marufuku za wakati wa vita hazikuifanya.